Samaki wa Mto Mkavu

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama muuza miche alikuwa akimweleza mzee aliyekaa naye kwamba anaishtaki ofisi ya mazingira.

"Miche yako imeuliwa na kiwanda cha ngozi," mzee alisema. "Ofisi ina kosa gani?"

"Ilikipa kibali cha kumwaga maji machafu mtoni, ninakochota ya kumwagilia, bila kukagua. Mkaguzi wao ameandika kwenye ripoti kwamba alifika mtoni akaona samaki wakiogelea. Siku anayoitaja mto ulikuwa mkavu, tulikuwa tunachota mchanga."

"Mkaguzi naye ni binadamu, mama. Hupitiwa."

Nikajiuliza ni kupitiwa gani huko kunakomwonyesha mtu samaki.

"Nikipitiwa mimi, miche inakufa kwangu. Akipitiwa yeye, inakufa kwangu vilevile."

Basi likasimama mbele ya mahakama. Mama akabana faili kwapani, akainuka. "Leo huyo binadamu wako atatuambia walikuwa samaki gani."