Mildred Nanzala, Aliyetukumbusha Kwamba Tuna Majirani

Baada ya miaka thelathini na miwili kazini, Mama Mildred Nanzala, Meneja wa Majengo na Mazingira wa chuo chetu, anastaafu tarehe 30 Juni. Walinzi wa lango la nyuma wameuliza kama tarehe hiyo haiwezi kusongezwa mbele. Yeye mwenyewe amekataa. Anasema shamba lake la huko Turbo limemvumilia vya kutosha.

Alijiunga nasi kama karani wa stoo, chuo kikiwa na majengo machache na matope mengi, akasoma jioni huku akifanya kazi mchana, na akapanda ngazi bila kelele. Kelele zilikuwa za mambo mengine. Siku moja aliwakuta ng'ombe wakila maua mbele ya ukumbi, akawafunga kwenye mlingoti wa bendera hadi mwenyewe apatikane. Mwenyewe alikuwa mkuu wa walinzi. Kesi ilimalizwa kwa maziwa, na idara yake ikanywa chai nzito kwa wiki kadhaa.

Lakini jambo tutakalomkumbukia zaidi lilianza mchana mmoja wa kiangazi, maabara ya kemia iliposhika moto. Gari la zimamoto lilifika upesi, likakaa nasi hadi jioni, na hakuna aliyeumia. Alasiri hiyo hiyo nyumba ya Nekesa, fundi wa nguo katika mtaa jirani wa Kiplombe, iliteketea. Majirani walipambana kwa ndoo. Gari la kuwasaidia lilikuwa kwetu.

Mama Nanzala alienda kumpa pole akitarajia kulaumiwa. Nekesa alimkaribisha chai kwa jirani, akauliza tu kama wanafunzi wote walitoka salama. 

Punde Mama Nanzala aliliomba baraza la chuo litoe mchango wa hiari kila mwaka kwa huduma za jiji: zimamoto, taka na taa za barabarani. Wengi walishangaa. Sheria inakisamehe chuo kodi ya ardhi. Kwa nini kilipe kisichodaiwa? Kipkirui, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi na rafiki yake wa miaka mingi, alimpinga waziwazi. Mishahara ilikuwa ikichelewa, alisema, na mtu hamlishi jirani watoto wake wakilala njaa. Hoja ilikuwa nzito, na pendekezo likaanguka. Kwa muda mrefu marafiki hao hawakuketi meza moja kantini.

Mama ndiye aliyemwendea. Alimwomba waende Kiplombe pamoja, wakamkuta Nekesa akishona kibarazani kwa cherehani ya kuazima. Hapakutolewa hotuba. Wakirudi, Kipkirui alisema ana sharti moja tu: mishahara isiguswe. Basi wakakaa wakapanga upya. Chuo kingetoa kipande cha ardhi kando ya lango la nyuma kijengwe kituo kidogo cha zimamoto, na sehemu ya mapato ya kukodisha kumbi ingesaidia huduma za jiji.

Katika kikao cha pili mjumbe mmoja alitaka kujua ni nani anayetulazimisha kulipa.

“Hakuna,” Mama Nanzala alijibu. “Ndiyo maana nimekuja kuomba.”

Mkono wa kwanza kuinuka kuunga mkono ulikuwa wa Kipkirui.

Kituo kilifunguliwa mwaka jana. Januari hii kibanda cha chipsi kilishika moto Kiplombe, na gari likafika kabla moto haujarukia nyumba za jirani. Watu walimpigia Mama simu kumpongeza, lakini hakupokea. Alikuwa akigombana na fundi wa mabomba.

Asante, Mama, kwa kutuonyesha kwamba chuo kina ua, lakini hakiishi peke yake. Tunakuombea afya njema, wajukuu wa kukuchekesha na mlango usiokaukiwa na wageni. Pumzika kwa furaha. Umeifanya kazi, na imeonekana.