Anayejua Kuanguka

Muuguzi wa kiti cha nyuma alikuwa amefumba macho, lakini masikio yake hayakulala. Mbele yake mshona magodoro, mama mtu mzima, alikuwa amemkalia kooni fundi umeme aliyekutana naye humo humo ndani ya basi.

"Mieleka ni maigizo tu, mama," fundi alisema. "Mshindi anajulikana kabla."

"Na bibi harusi je, hajulikani kabla? Mbona watu wanalia?" Viti vya jirani vikacheka. "Wewe unamtazama anayepiga, mwanangu. Mtazame anayeanguka! Lile jitu wanaloliita Kabati jana lilibwagwa kutoka juu ya kamba. Kidevu kifuani, viganja vikapiga sakafu, mgongo ukatua wote kwa pamoja. Huyo ndiye bingwa!"

"Kuanguka hata mtoto anaweza."

Mama akasimama amwoneshe. Papo hapo mbuzi akakatiza barabara, dereva akakanyaga breki, na mama akaenda chali katikati ya viti, puu! Muuguzi, ambaye ameona viuno vingi vikivunjika kwa kuteleza bafuni tu, aliruka kumwahi.

Kidevu kilikuwa kifuani. Viganja vilikuwa vimepiga sakafu.

"Moja!" kondakta akahesabu kama refa. "Mbili!" abiria wakadakia. Kabla ya tatu mama akainua bega, akasimama, akanyoosha mikono yote juu, na basi likalipuka kwa vifijo.

Fundi peke yake hakupiga makofi. Alimtazama mama, kisha akamtazama dereva.

"Hata hiyo breki," alisema, "mmepanga."