Dirisha Lisilo na Kitasa

HENNING: Haloo? Nani mwenzangu?

GESINE: Nani! Hata dada yako humjui siku hizi?

HENNING: Aa, Gesine! Habari za asubuhi?

GESINE: Mbaya. Mwanafunzi wangu, Merle, kazimia katikati ya mtihani. Wenzake vichwa vinawagonga. Kwenye shule uliyoichora wewe!

HENNING: Labda hakunywa chai—

GESINE: Usinitibue! Kala mkate na jibini, nimemwona. Hakuna hewa mle, Henning!

HENNING: Dada, jengo lile linapumua lenyewe. Mitambo inaleta hewa safi, joto halitoki. Si ulisema mwenyewe watoto hawasinzii tena?

GESINE: Mwaka jana, ndiyo. Nililisifu kote Bremen. Na wiki hii je?

HENNING: Mtandao... krrr... sikusikii—

GESINE: Unanisikia sana! Tjark, mtunza jengo, kanieleza. Umemwagiza apunguze mitambo—

HENNING: Kidogo tu!

GESINE: —ili majaji wa tuzo ya majengo wakija leo wakute umeme hauliwi!

HENNING: Wiki moja tu, dada. Tuzo hii nimeihangaikia miaka—

GESINE: Na madirisha hukuyatia vitasa vya kufungulia! Wewe, mtoto wa mama yule! Theluji inaanguka, yeye anafungua madirisha yote, sisi meno yanagongana. "Kwanza hewa, uji baadaye!"

HENNING: Mama muache. Hebu ngoja... ofisi hii nayo ina fukuto leo.

[Mlio wa bawaba. Kengele ya tramu. Ndege.]

HENNING: Haya, ulikuwa unasema?

GESINE: Umefanya nini hapo?

HENNING: Nimefungua di—

GESINE: Dirisha! Kumbe la kwako lina kitasa! Nina hasira nawe, Henning.

HENNING: Nampigia Tjark sasa hivi, awashe yote. Ila watoto wabaki ndani, nakuomba, majaji wako njiani—

GESINE: Njiani wapi? Hao hapo, wanafunga baiskeli zao getini. Na darasa langu zima liko uwanjani, makoti mwilini, linaandikia magotini.

HENNING: Gesine! Watauliza kwa nini!

GESINE: Watajibiwa na Merle. Rangi imeanza kumrudi.

HENNING: Na mimi niwaambie nini?

GESINE: Waambie waingie darasani, wakae, wafunge mlango. Nafasi ipo tele.

HENNING: Dada, usikate, usi—

GESINE: Merle ananiita. Kwaheri.