Aliyewafundisha Ifakara Kuanguka

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo bondeni mchana huu, kaeni kitako. Mwenye chai anywe taratibu. Leo tunamkumbuka Mwalimu Leodegar wa Viwanja Sitini, mtu aliyeleta aikido Ifakara. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wengi mlimjua. Wengine mlimcheka kwanza, mkamjua baadaye.

Alikuwa bwana shamba. Mwaka 1991 alipelekwa Japani kwa miezi tisa, kusomea mpunga wa umwagiliaji. Jioni moja, akirudi bwenini, alikuta ukumbi mdogo uko wazi. Ndani watu walikuwa wanaanguka. Wanaanguka, wanainuka, wanainamiana kwa heshima, wanaanguka tena, na hakuna aliyekasirika. Leodegar alisimama mlangoni mpaka viatu vikalowa theluji. Alimwambia bintiye Yosefina kwamba jioni ile aliota akiwa macho. Kesho yake akarudi, na hakuacha tena.

Wenzake walirudi nyumbani na redio kaseti. Yeye alifungua begi mbele ya mama yake, likatoka vazi pana jeusi linaloitwa hakama. Ni suruali, ila ukiitazama kwa mbali ni sketi. Mama yake akaguna. "Tulikutuma mbegu, mwanangu, umetuletea sketi." Maneno hayo yalizunguka mtaa wote wa Mlabani, na hata leo wapo wanaoyarudia wakicheka.

Sasa, aikido ni nini? Ni kujihami bila kumwumiza anayekushambulia. Haina mashindano, haina kikombe. Anayekujia kwa nguvu unampisha, unazunguka naye, unamlaza chini salama. Kisha zamu inageuka, unalazwa wewe. Ndiyo maana miezi sita ya kwanza Mwalimu alifundisha kuanguka tu. Vijana waliotaka mateke ya sinema walichoka wakaenda zao. Walibaki wavuvi, wakulima, madereva wa bodaboda. Walifanyia mazoezi ghalani kwake, juu ya viroba vya pumba za mpunga vilivyofunikwa turubai. Ukianguka, pumba zinapumua chini yako. Na tangu akiwa na miaka saba, Yosefina alikuwemo.

Mpaka asubuhi ile shambani kwao, kijijini Mbingu, miaka tisa iliyopita.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na milima ya Udzungwa ilionekana vilele tu, kama inaelea. Mpunga ulikuwa unachanua. Ekari mbili zile zilikuwa za Yosefina, za kumpeleka chuo cha ualimu. Ukungu ulipofunguka, ng'ombe walikuwa katikati yake. Wa Ngusa, kijana mfugaji wa Kisukuma, aliyekuwa amepitiwa na usingizi. Mwalimu alipoanza kuwaswaga, Ngusa alikuja mbio na fimbo juu. Mwalimu akampisha, akazunguka naye, akamlaza kwenye tope. Kisha akakaa kitako pembeni yake, akamwuliza, "Umekula?"

Baada ya miezi mitatu Ngusa alikuwa ghalani, anajifunza kuanguka. Yosefina alikunja nguo zake za mazoezi. "Baba, umemkaribisha mtu aliyelisha ng'ombe chuo changu. Yule akiwa ndani, mimi niko nje."

Miaka tisa hakuuvuka mlango ule. Baba yake hakumlazimisha. Kila alfajiri alimfundisha uani, wawili tu, na kila jioni alimfundisha Ngusa ghalani. Alipozidiwa, alimwambia mkewe, Mama Marsiana, "Yosefina anajua yote ninayoyajua. Wanafunzi wanamfuata Ngusa. Mmoja peke yake hawezi kulibeba darasa." Wanafunzi arobaini walibaki wanangoja jibu la binti huyu: atafundisha pamoja na Ngusa, au la? Yosefina alijibu siku ya mazishi. "Bora pumba zirudi shambani." Ghala likafungwa.

Wasikilizaji wapendwa, sisi wa huku tuna watani. Siku ya kuanua matanga alikuja Mzee Venance, Mngoni, mtani wa marehemu. Alivaa hakama ya Mwalimu, mbele nyuma. Akaanguka hapa, akaanguka pale, akajipigia makofi. Waliokuwa wakilia walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akakaa kizingitini mwa ghala akatangaza kwamba vazi havui.

Mnaijua sheria. Mtani hakasirikiwi. Alichokamata kinakombolewa. Mama Marsiana akaleta kuku. Venance akatikisa kichwa. Ukaletwa mchele, debe zima. Akatikisa kichwa tena.

"Huyu binti aingie humu. Aangushwe na Ngusa, naye amwangushe. Akikataa, naondoka na sketi yenu hadi Songea, nikaivae nikilima."

Watu walicheka. Yosefina hakucheka. Alimtazama Ngusa, aliyesimama kando na kofia mkononi.

"Dada Yosefina," Ngusa akasema, "ukikataa sitakulaumu. Mpunga ulikuwa wako. Kila mwaka msimu ukifika nilimwomba Mwalimu msamaha."

"Akakujibu nini?"

"Kwamba huo msamaha si wake. Nikuletee mwenyewe. Nikakuogopa."

Yosefina anasema alikuwa na hasira na Ngusa, na hasira na baba, na zaidi ya yote alikuwa amechoka. Akavua kandambili, akampita Venance mlangoni. Akaushika mkono wa Ngusa kwa nguvu zote za miaka tisa.

Ngusa hakushindana. Alizunguka naye, polepole, kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Yosefina aliona bati la paa likipita, na vumbi la pumba likielea kwenye mwanga. Kiganja cha Ngusa kilitangulia chini ya kichwa chake. Akatua. Pumba zikapumua.

Alilala hapo akalia kwa sauti. Alipomaliza, akafuta uso kwa kanga, akainuka. "Nimekusamehe. Sasa zamu yako."

Ngusa alipolazwa naye, Venance alivua hakama. Kuku aliondoka naye vilevile, mtani ni mtani. Ghala limefunguliwa. Wanafundisha wote wawili.

Kwa niaba ya kituo chetu, natoa pole kwa Mama Marsiana, kwa Yosefina, kwa Ngusa, na kwa wanafunzi wote wa Mwalimu Leodegar, aliyeleta aikido Ifakara. Mungu ampumzishe kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, unaye mtu uliyemfungia mlango? Mfikirie. Nilipomwuliza Yosefina niseme nini hewani, nilidhani atanitajia sifa za baba yake.

"Waambie baba alikaa miaka tisa akitamani kutuona pamoja ndani ya ghala lile," alisema. "Ilinichukua hatua moja tu kuingia. Nami niliipiga siku alipokuwa hawezi tena kuiona."