Kisu Ambacho Hakikupita Motoni

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za Jumapili. Nimeomba nisimame kabla hatujafunga jumuiya. Nikilia mnivumilie, nitaendelea tu.

Wote mnajua migomba ya nyumbani kwetu iliisha kwa ugonjwa wa mnyauko. Msichojua ni nani aliyeusambaza.

Ilikuwa likizo. Baba alinituma nikapunguze majani pamoja na mama jirani, aliyekuja kutusaidia na kisu chake. Baba aliwasha moto pembeni, akasema kila ukimaliza shina moja, kisu kipite motoni kwanza, kisibebe ugonjwa. Mimi kichwani nilikuwa na gemu ya kompyuta niliyotaka kuipeleka kwenye maonyesho ya sayansi shuleni. Nikakata majani ya shina lililoanza kuwa la njano, nikaona moto uko mbali, nikaenda shina la pili. La tatu. Ndugu zangu, nawaambia, ulikuwa uvivu wa hatua ishirini.

Baada ya miezi michache ndizi zikaanza kuoza kwenye mikungu. Baba akang'oa shamba zima, akafukia. Tukawa watu wa muhogo asubuhi na jioni. Akasema ugonjwa umekuja na kisu cha mama jirani, maana kwake uliingia mwaka wa nyuma. Akamwambia asikanyage tena kwetu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikanyamaza.

Gemu yangu ya mwanzo ilikuwa ya pikipiki. Niliiacha, nikatengeneza ya shamba. Unapewa kisu na dakika mbili za kumaliza safu zote, na ukiruka moto, mashina yanageuka njano. Siku ya maonyesho majaji walipouliza nimejifunzia wapi, nikasema kwenye kitabu. Sikupepesa hata jicho, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mchana wazazi wakaingia kutazama. Mama jirani naye alikuja, ana mtoto pale shuleni. Akakaa mbele ya kompyuta yangu, nikamwonyesha vitufe. Alicheza taratibu. Kila shina, alirudi motoni. Muda ukamwishia kwenye safu ya kwanza, kompyuta ikaandika: Umeshindwa.

Akacheka kidogo. "Mwanangu, hii inataka mtu wa haraka."

Halafu akaniangalia. "Hata kwenu nilirudi motoni kila mara. Wewe si uliniona?"

Nilimwona. Nikamwambia pale pale, "Mama, ni mimi." Alifunga vizuri kitenge chake, akatoka.

Jioni nikamwambia baba. Akavaa kofia yake akaenda kwa jirani peke yake. Sijui walizungumza nini. Aliporudi hakula.

Namshukuru baba kwa kwenda, ingawa kisu changu alichoninyang'anya jioni ile bado hajanirudishia. Namshukuru mwalimu aliyeniruhusu kurekebisha kazi yangu baada ya kujua ukweli. Nawashukuru nyie mliokaa kunisikiliza. Vijana wenzangu, mwenzako asibebeshwe kosa lako wewe ukiwa umesimama mlangoni.

Na wewe mama jirani, uliyekaa kule nyuma. Juzi ulitutumia machipukizi manne ya migomba, lakini hukuja mwenyewe. Najua, na sikulaumu. Ile gemu nimeiondolea kikomo cha muda. Jumamosi chumba cha kompyuta kinakuwa wazi. Ukija, cheza vile vile ulivyocheza siku ile.