Mama Ritha Aliyetugeuza Videvu

Ndugu waombolezaji, msishangae msomaji kuishika karatasi hii chini ya kidevu na kusimama akitazama jua, kwani ndivyo marehemu alivyoagiza, na sababu yake mtaiona mbele.

Paskalina Bujiku, ambaye wengi mnamfahamu kama Mama Ritha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kijiji cha Samuye, Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku Nkwabi na Mama Rebeka, wakulima wa pamba na wafugaji. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akasifika kwa kuimba na kwa ubishi, vyote viwili vikamfaa maishani.

Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na Bwana Herman Magesa, wakajaliwa watoto watatu, Ritha, Theonest na Pantaleo, na mwaka 1996 familia ilihamia Nyarugusu, Geita, ambako marehemu alifanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, mchana kutwa, bila kuziba masikio, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kelele nazo hula mtu. Kufikia mwaka 2004 masikio yalivuma hata karasha likizimwa, kisha sauti za watu zikafifia, na kwa kuwa kwetu Usukumani mdogo humsalimu mkubwa akiwa amepiga magoti na kuinamisha uso, salamu za vijana zilimpita bila yeye kujua, nao wakasema Mama Ritha ana maringo tangu aonje dhahabu. Jambo hilo lilimuuma sana.

Kilichomchoma zaidi ni kikao cha mahari ya Ritha, Agosti 2012, pale ukoo ulipoketi uani na kumwacha mama mzazi jikoni na masufuria, kwa hoja kwamba hasikii na atachelewesha mazungumzo. Marehemu hakulia wala hakununa, alijipangusa mikono, akabeba kigoda chake, akakiweka katikati ya wanaume, akamshika msemaji wa ukoo kidevu, akamgeuzia uso kwake, akamwambia haya, endelea. Msemaji aliendelea.

Mwaka uliofuata, pamoja na Bi. Dimple, mwenye duka la vitenge pale Katoro, ambaye naye alikuwa akipoteza usikivu na kuwaficha wateja wake jambo hilo, alianzisha kikundi cha Tuangaliane, kilichokutana kila Jumamosi nyuma ya duka hilo, wakifundishana kusoma midomo na kutunza vifaa vya kusikia, wakifarijiana, kisha wakizunguka makarasha kuwahimiza vijana wazibe masikio. Mwiko wao mkubwa ulikuwa mmoja, mwenzako akiuliza kimesemwa nini, usimjibu kamwe kwamba achana nayo. Wazee walipolalamika kwamba anawafundisha mabinti kuwakodolea wakubwa macho, aliwajibu kwamba magoti yabaki, ila uso unyanyuliwe, maana salamu isiyofika haijamheshimu mtu. Mwenyekiti wa kijiji na hata katekista waligeuzwa videvu kwa zamu, kwa mkono unaonuka kitunguu.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa hospitali ya rufaa, na alipoona ndugu wananong'ona na daktari mlangoni, alikataa dawa mpaka daktari aliposhusha barakoa na kumweleza yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwamba hali si nzuri. Alishukuru, akameza dawa. Alifariki dunia tarehe 9 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 56, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wanakikundi wa Tuangaliane, ambao leo ukoo umewaweka safu ya mbele, wasome midomo yetu. Msibani mtu huinama, tunajua, lakini kwa ajili yao tunawaomba mnyanyue nyuso, na machozi yenu yaonekane.

Mama Ritha, kigoda chako kiko katikati, amekikalia Bi. Dimple, nasi sote tumemgeukia. Pumzika kwa amani.