Namba Thelathini Ametoka Mzenga

Kijiwe cha kahawa kina mabenchi mawili, yote yanatazama geti la zahanati, hapo Kisarawe. Asubuhi hiyo madaktari wa macho walikuja kwa siku moja tu kutoa mtoto wa jicho, watu thelathini basi. Wagonjwa walifika tangu alfajiri, wakaandikisha majina kama ilivyo desturi, na karatasi akakabidhiwa Mzee Abdulkadiri, karani mstaafu, kwa kuwa hati yake inasomeka na hapokei jina nusu. Namba thelathini, ya mwisho, ilikuwa ya Mwanakheri wa Mzenga, jicho la kulia limeziba kabisa, la kushoto likiwa njiani. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anapuliza kikombe chake, bwana mmoja wa shati jeupe akashuka garini, akaipita foleni yote, akasimama mlangoni.

— Mnamwona yule? akasema Yahya, fundi pikipiki wanayemwita Spana. Anachomekea mchana kweupe!

— Ana kosa, akajibu Tito, anayeitwa Wakili ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, kutoa ushahidi wa kuku. Kifungu kipo.

— Kifungu gani?

— Kipo. Kirefu.

— Mimi ningemtolea upepo matairi yote manne.

— Upepo hautoshi, akasema Zena, mwenye birika. Wapakwe rangi ya kijani kwenye paji la uso, hata wakienda msibani wajulikane.

— Rangi inafutika, Zena, akasema Wakili. Serikali iwajengee ofisi yao. Ina mlango, ina dirisha, ila ndani hakuna mtu. Waruke foleni humo mpaka wazeeke.

— Wakiruka wote, nani atabaki nyuma? akauliza Spana.

— Hakuna! Hapo ndipo adhabu ilipo.

Wakacheka. Mzee Abdulkadiri hakucheka. Alikuwa akimtazama Mwanakheri kule mwisho, aliyekuwa akimuuliza jirani yake kama mlango umefunguliwa. Akiingia mmoja asiyeandikwa, Mwanakheri anarudi Mzenga na giza lake. Na muuguzi wa mlangoni alishaanza kumpisha yule bwana.

Mzee akaweka kikombe chini, akavuka barabara.

Hakugomba. Alivaa miwani, akasimama kando ya muuguzi, akaita kama alivyokuwa akiitwa shuleni enzi za Mwingereza, majina matatu matatu.

— Fadhila Kibwana Mwinyimkuu!

— Nipo!

— Hajira Mboni Seif!

— Nipo!

Kila aliyeitika alisimama na kusogea mahali pake. Kufika namba kumi, foleni nzima ilikuwa wima, hata ambao hawajaitwa. Kufika ishirini, bwana wa shati jeupe alikuwa amerudi nyuma hatua kumi bila mkono wa mtu kumgusa.

— Mwanakheri Shabani Pazi!

— Nipo, baba! Nipo hapa!

Foleni ikapiga makofi. Mzee akashusha karatasi.

— Jina lako sijaliona, mwanangu. Nimeliruka?

Bwana yule akajipapasa mfukoni, akatoa funguo za gari.

— Tunaanza na Fadhila, akasema muuguzi.

Mzee aliporudi kijiweni alikuta ushindi umeshagawanywa.

— Nilimkazia macho kutoka hapa hapa, akasema Spana. Hukuona alivyolegea?

— Kile kifungu, akasema Wakili. Kilimwingia.

— Mnywe kahawa, akasema Zena, akimjazia Mzee kikombe kipya. Nyie hata makalio hamkunyanyua.

Hapo yule bwana akavuka barabara, funguo za gari mkononi, akakaa pembeni kabisa ya benchi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba.

— Naomba kuuliza. Hawa madaktari watarudi lini?

Spana akamtazama Wakili. Wakili akachungulia kikombe chake. Zena akachochea makaa. Hakuna aliyejua.

Mzee Abdulkadiri akatoa karatasi safi mfukoni, akaitandaza gotini, akaandika namba moja.

— Jina lako?

— Laurean.

— La baba, na la babu.

— Laurean Kaijage Rwechungura.

Mzee akaliandika polepole, herufi kwa herufi. Spana akanyoosha shingo kupitia bega la mgeni.

— Mzee, niandike na mimi, jicho linaniwasha. Hapo juu juu, nafasi ipo.

Laurean akageuka.

— Ndugu yangu, foleni inaanzia nyuma yangu.